Akaunti za PlayStation na Steam za banda la gemu: nianzie wapi kuzilinda?

BandaMbagala

Habari za humu wakuu, poleni na mihangaiko. Naomba msaada wenu, hasa wenye mabanda ya gemu na mafundi wa mashine.

Nasimamia banda la kaka yangu hapa Mbagala Rangi Tatu. Kaka amepata kazi Mtwara, kwa hiyo funguo ziko kwangu. Tuna PS4 tatu, PS5 moja na kompyuta moja ambayo vijana wanachezea gemu za Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Kipato kikubwa kinatoka kwenye mpira: wawili wanakaa na pedi, mechi mia tano, anayefungwa analipa. Gemu karibu zote kaka alizinunua za kupakua, si za diski, kwa vocha za PlayStation alizokuwa anaweka kidogo kidogo kila akipata hela. Ukizijumlisha, thamani yake inazipita mashine zenyewe. Zikipotea sina cha kufungulia banda.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni jirani yetu wa upande wa Zakhem. Alifika asubuhi, akawasha mashine, ikamtaka aingie upya. Akaandika neno la siri, likakataliwa. Akaomba kulibadilisha, ujumbe ukaenda kwenye imeili asiyoijua. Usiku wakati amelala watu walishaihamisha akaunti. Sasa hivi anachezesha gemu mbili za diski na wateja wamemkimbia.

Nikarudi kukagua za kwetu. Akaunti zote zilifunguliwa na kijana aliyemuuzia kaka mashine Kariakoo, kwa imeili yake yeye. Neno la siri ni moja kwa zote, na limeandikwa kwa kalamu chini ya PS4 ya kwanza. Mhudumu wa zamu ya usiku analijua, na aliyemtangulia analijua pia. Akaunti moja imewekewa namba za uthibitisho za SMS, lakini zinakwenda kwa kaka Mtwara, kwa hiyo ikibidi kuingia nampigia simu na kusubiri atoke kazini. Kwenye kompyuta vijana wanaingia na akaunti zao za Steam, wengine wanaondoka bila kutoka.

Je, hiyo imeili ya muuzaji ni tatizo au nina wasiwasi wa bure? Na nikiwa na siku moja tu ya kufunga banda nishughulikie haya, nianze na lipi? Natanguliza shukrani.

FundiSinza

Dada, asante kwa kuuliza mapema. Mimi natengeneza mashine na pedi hapa Sinza. Mashine iliyokufa feni au iliyovunjika tundu la HDMI naifufua. Akaunti iliyochukuliwa siwezi kuifufua, na mwenye nayo anakaa kwenye benchi langu akiniangalia kama daktari anayemficha dawa. Kwa hiyo hili naliandika kwa uchungu.

Wasiwasi wako si wa bure. Imeili ya muuzaji ndiyo tatizo lako la kwanza, na hata kama ungefanya mengine yote ukaliacha hilo, hujalinda kitu. Mwenye imeili ndiye mwenye akaunti. Neno la siri linabadilishwa kupitia imeili, tahadhari za mtu mgeni kuingia zinakwenda kwenye imeili, risiti za kila gemu zinakwenda kwenye imeili. Yule kijana anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini simu yake ikiibiwa, au imeili yake ikiingiliwa, au akimpa mtu mwingine kazi pale dukani, gemu za kaka yako zinakwenda na maji bila yeye kukudhuru kwa makusudi.

Kabla hujabadilisha chochote, mwombe kitu kimoja: akutumie risiti zote za ununuzi zilizoingia kwenye hiyo imeili tangu akaunti zifunguliwe. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa haraka ya kubadilisha. Siku ukigombana na mwizi mbele ya huduma kwa wateja, utaulizwa maswali ambayo mwizi hawezi kuyajibu: namba za miamala, tarehe za ununuzi, namba ya mashine iliyobandikwa chini yake, imeili ya zamani iliyotumika kufungulia. Piga picha kibandiko cha namba cha kila mashine, pamoja na zile vocha za karatasi kama kaka hajazitupa. Mwulize pia yule kijana alijaza tarehe gani ya kuzaliwa na nchi gani. Akaunti nyingi hapa mjini zimefunguliwa kwa jina la nchi nyingine na tarehe ya kuzaliwa ya kubuni, na mwenye akaunti mwenyewe hana habari. Ukiulizwa tarehe ya kuzaliwa ukataja yako ya kweli, kumbe iliyojazwa ni Januari mosi ya mwaka wowote tu, utaonekana wewe ndiye mwizi.

Baada ya hapo fungua imeili mpya, ya banda peke yake. Usitumie imeili unayojiunga nayo kila mahali, na usiiache imefunguka kwenye ile kompyuta ya wateja hata mara moja. Iwekee neno la siri refu ambalo halijawahi kutumika kwingine, iwashie uthibitisho wa hatua mbili (neno la siri, kisha namba ya muda), na zile namba za akiba wanazokupa za kuingilia simu ikipotea ziandike kwenye karatasi ikae nyumbani na vyeti vyako. Ndipo uingie kwenye kila akaunti ya PlayStation ubadilishe imeili ya kuingilia. Utatumiwa ujumbe wa kuthibitisha kwenye hiyo mpya.

Neno la siri moja kwa akaunti zote ni hatari ambayo watu hawaioni mpaka ifike. Aprili 2011 wezi waliingia kwenye mtandao wa PlayStation wenyewe, wakachukua taarifa za akaunti takribani milioni 77, na Sony ikaufunga mtandao kwa zaidi ya wiki tatu. Hapo mchezaji hakukosea chochote. Lakini aliyekuwa anatumia neno lile lile kwenye imeili yake alikuwa na kazi mbili badala ya moja. Kuna tovuti inaitwa Have I Been Pwned, ya Troy Hunt wa Australia, iko hewani tangu 2013. Unaandika imeili yako, inakuonyesha kama imewahi kutoka kwenye uvujaji unaojulikana. Ipitishe imeili ya kaka hapo.

Sasa mhudumu. Mhudumu hahitaji kulijua neno la siri ili banda lifanye kazi. Kila PS4 iweke iwe mashine kuu ya akaunti yake, kwenye PS5 ni ile sehemu ya kushiriki mashine na kucheza bila mtandao. Ukishafanya hivyo, mtu yeyote mwenye wasifu wake ndani ya mashine hiyo anacheza gemu za akaunti ile. Kwa hiyo tengeneza wasifu mwingine, uite "Wateja", hauhitaji hata kuwa na akaunti ya mtandaoni. Wasifu wa kaka ufunge kwa namba ya siri inayobonyezwa kwenye pedi. Mhudumu anawasha mashine, anaingia "Wateja", mpira unaanza. Wasifu wa kaka unaguswa na wewe tu, siku ya kununua au kupakua gemu.

Kama kuna kadi ya benki au ya simu imehifadhiwa mle, itoe. Endelea na vocha, weka hela ya gemu unayotaka kununua siku hiyo. Na washa ule mpangilio wa kudai neno la siri kila unapolipa.

Ukimaliza yote, ingia kwenye tovuti ya akaunti utoe vifaa vyote, halafu uingize mashine zako upya moja moja. Mtu aliyekuwa ameingia kimyakimya kutoka nyumbani kwake atatolewa.

Na lile neno la siri lililoandikwa chini ya PS4, lifute leo. Usingoje siku ya kufunga.

Mchezaji_Tabata

Naunga mkono hoja ya imeili, ila mkuu usimtishe dada wa watu. Hizo SMS za uthibitisho zinatosha. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na NIDA, si kama zamani. Nani atapata namba yako bila wewe kujua? Mimi natumia SMS kwenye kila kitu na sijawahi kuguswa.

FundiSinza

Mkuu Tabata, SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, hapo tuko pamoja. Lakini tuangalie maisha ya Dar yalivyo.

Uko kwenye daladala Buguruni, umeshika simu dirishani, vishandu wanapita na bodaboda, simu imeondoka. Mwizi hahitaji kufungua simu yako. Anatoa laini, anaiweka kwenye simu yake ya vitufe, na kuanzia dakika hiyo kila namba ya uthibitisho inayotumwa kwako anaisoma yeye. Alama zako za vidole ziko kwenye kumbukumbu za usajili, hazilindi kile kichipu kidogo. Kinachokilinda ni namba ya siri ya laini yenyewe, ile PIN inayoulizwa simu ikizimwa na kuwashwa. Watu wengi wameizima au wameiacha ile iliyokuja na laini. Iwashe, iweke yako. Kosea mara tatu laini inajifunga mpaka uweke PUK, namba ya kuifungulia, kwa hiyo kile kikadi cha plastiki ulichopewa nacho usikitupe.

La pili, angalia simu yako sasa hivi ikiwa imefungwa. Ujumbe ukiingia, maneno yake yanaonekana kwenye skrini? Kama yanaonekana, anayekaa karibu nawe bandani anasoma namba bila kugusa kitu. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuficha maudhui ya ujumbe kwenye skrini iliyofungwa.

La tatu ni kuswapu laini kwa ujanja, mtu anajifanya wewe. Usajili wa vidole umeipunguza hiyo lakini mpaka leo watu wanalia. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika waiondoe. Na kama akaunti yako ya gemu imefungwa kwenye laini uliyoacha kuitumia, jua kwamba laini ikikaa kimya muda mrefu inafungwa, na namba hiyo baadaye inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine kabisa. Huyo mtu hana nia mbaya, lakini namba zako za uthibitisho zitamfikia yeye.

Ndiyo maana nasema kwa PlayStation tumia programu ya uthibitisho kwenye simu, ile inayotoa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30. Haitegemei laini, inafanya kazi hata bila bando. Na hapa linatatulika tatizo la kaka kuwa Mtwara: wakati wa kuiwasha, mashine inaonyesha msimbo wa QR pamoja na mstari wa herufi. Wewe unapiga picha QR kwa programu yako, kaka anaandika herufi hizo kwenye programu yake, simu zote mbili zinatoa namba zile zile. Msomee herufi kwa simu ya sauti. Usizitume WhatsApp zikakaa kwenye mazungumzo miaka yote. Namba za akiba zitakazotolewa hapo ziandike karatasini, karatasi ile ile ya kwanza.

Kuna pia njia mpya ya ufunguo wa simu, unaingia kwa alama ya kidole au sura badala ya neno la siri, PlayStation waliileta 2024. Ni imara kwa sababu hakuna neno la kumtajia tapeli. Kwa banda lenye wasimamizi wawili walio mikoa tofauti bado napendelea programu.

NeemaKibada

Fundi amemaliza upande wa PlayStation. Mimi nitazungumzia hiyo kompyuta, maana hapo ndipo watoto wanapoibiwa. Ninawasaidia vijana wa mtaani kwetu Kibada mambo ya kompyuta, na wizi wa Steam ninaouona unafuata njia zile zile.

Ujumbe unatoka kwa rafiki. Rafiki wa kweli, mliyecheza naye, ila akaunti yake imeshachukuliwa na anayeandika ni mwizi. Anasema "ipigie kura timu yetu, tuko kwenye mashindano", au "nimekuripoti kwa bahati mbaya, ongea na mfanyakazi wa Steam huyu hapa Discord kabla hujafungiwa", au "nimetengeneza gemu yangu, ijaribu unipe maoni". Ni ndugu wa "ile hela tuma kwenye namba hii": wanakukuta una haraka na wanakuwekea haraka nyingine juu yake. Wafanyakazi wa Valve, kampuni yenye Steam, hawakufuati Discord, kwenye magumzo ya wachezaji, kukuuliza kuhusu akaunti yako. Anayefanya hivyo ni tapeli, mfungie.

Linki ya kura inakupeleka kwenye ukurasa unaokutaka uingie kwa Steam. Ukibonyeza, linajitokeza dirisha dogo la kuingilia, juu limeandikwa anwani halisi ya Steam na kufuli lake. Hapo hata mtu makini anaamini. Kumbe dirisha lote ni mchoro ndani ya ukurasa, anwani ile imechorwa. Group-IB, kampuni ya usalama wa mitandao, waliieleza mbinu hii mwaka 2022 wakionyesha jinsi inavyowalenga watu wa Steam. Namna ya kulijua ninawafundisha vijana hivi: shika hilo dirisha kwa mausi ulivute nje ya ukingo wa kivinjari. Dirisha la kweli linatoka, linakwenda popote kwenye skrini. Dirisha la uongo linagonga ukingo na kukatika, haliwezi kutoka kwenye ukurasa. Lakini zoea zuri zaidi ni kutoingia kabisa kupitia linki ya mtu. Andika anwani ya Steam mwenyewe, ingia huko. Ukishaingia, tovuti ya kweli inayotumia Steam haitakuomba neno la siri tena, itakutambua.

Na hata ule msimbo wa QR wa kuingilia Steam kwa kuupiga picha na simu, angalia uko kwenye ukurasa gani kabla hujakubali kwenye simu. Tapeli anaweza kuuchukua wa kwake akauweka kwenye ukurasa wa uongo. Programu ya Steam ya simu inakuonyesha mahali ombi linakotoka. Kama wewe uko Mbagala na ombi limetoka nchi nyingine, kataa.

Steam Guard, uthibitisho wa hatua mbili wa Steam, ipo tangu 2011, na ile ya kwenye simu tangu 2015. Mwaka huo huo Valve wenyewe waliandika kwamba akaunti kama 77,000 zilikuwa zinaporwa kila mwezi, na kwamba wezi walishakuwa mtandao wenye utaalamu unaolenga vitu vya kwenye gemu vinavyouzika. Kijana akikuambia "mimi sina kitu cha kuibiwa" na ana ngozi za silaha (mapambo yanayouzika) za gemu ya Counter-Strike, ana kitu. Washa ya simu, na ile namba inayoanza na herufi R iandike karatasini, ndiyo itakayokusaidia simu ikipotea.

Sasa sehemu ambayo Steam Guard haikusaidii. Gemu za kukrakiwa, programu za kudanganya kwenye gemu, na faili la "gemu yangu ijaribu", mara nyingi zinabeba programu ya wizi inayochukua maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na ule uthibitisho wa kwamba umeshaingia. Mwizi akiupata huo haulizwi neno la siri wala namba, anaonekana ni wewe. Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi wakishirikiana na FBI na wengine walivamia mitambo ya RedLine na META, programu mbili za aina hiyo, na bado nyingine zipo. Hata ndani ya duka la Steam lenyewe, Februari 2025 Valve waliiondoa gemu iitwayo PirateFi baada ya kugundua ina programu hasidi. Kwa hiyo fulashi ya mteja isichomekwe kwenye kompyuta ya banda. Gemu inayokutaka uzime kinga ya virusi ili ifanye kazi, usiisakinishe, hata kama mtaa mzima wanaicheza.

Kompyuta yenyewe ipe akaunti mbili za Windows. Moja yako yenye mamlaka, ina neno la siri. Nyingine ya wateja, isiyoruhusiwa kusakinisha. Kivinjari cha wateja kizuie kuhifadhi maneno ya siri na kijifute kikifungwa. Halafu bandika karatasi ukutani: TOKA KWENYE AKAUNTI YAKO KABLA HUJASIMAMA. Mhudumu akague kabla hajapokea hela ya anayefuata.

BandaMbagala

Jamani Mungu awabariki. Neno la siri chini ya PS4 nimelifuta kwa spiriti, na nimelibadilisha kwenye akaunti zote nne, kila moja na lake.

Nimempigia yule kijana wa Kariakoo. Si mtu mbaya, ila risiti anasema ni kazi, kwa sababu imeili ni moja ya duka ambayo anaiongezea namba kwa kila mteja, na ujumbe wote unaingia sehemu moja na za watu wengine. Anaogopa kunipa za watu. Amesema nimpe muda. Na nimegundua kwamba ile akaunti ya PS5 nayo ina namba za uthibitisho, ila haziendi kwa kaka, zinakwenda kwa huyo kijana. Mhudumu naye amekasirika, anaona simwamini. Kaka anapendekeza tuachane na hizo zote, kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anauza akaunti yenye gemu zaidi ya arobaini kwa bei ya gemu moja na nusu.

FundiSinza

Dada, hiyo akaunti ya WhatsApp msiinunue. Nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Akaunti ya PlayStation au ya Steam haihamishwi kwa kuuzwa, masharti yao yanakataza, na aliyeifungua mwanzo ndiye mwenye majibu ya maswali yote ya huduma kwa wateja. Atakuuzia leo, baada ya miezi miwili atawaandikia kwamba ameibiwa, atarudishiwa, na ataiuza tena kwa mwingine. Au yenyewe ni ya wizi, imetoka kwa mtu kama jirani yako wa Zakhem, na siku mwenyewe akiirudisha wewe ndiye unayekuta skrini inakutaka uingie upya. Mwambie kaka bei hiyo yenyewe inajieleza.

Kwa kijana wa Kariakoo, usimwachie atafute peke yake. Nenda dukani kwake asubuhi kabla wateja hawajajaa, ukae naye. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha imeili yake aandike ile anwani yenye namba ya kwenu, risiti zenu zitajipanga peke yake na za watu hazitaonekana. Azitume kwako. Mkiwa hapo hapo, ingia kwenye akaunti ya PS5 kwa simu yako, namba ya uthibitisho iingie kwake akusomee, uzime ile ya SMS yake, uwashe programu yako, ubadilishe imeili. Hiyo moja lazima mkae pamoja, bila yeye utakwama. Mpe na hela ya maji, ametumia muda wake.

Mhudumu mweleze ukweli: asipolijua neno la siri, hata akaunti ikipotea hakuna atakayemnyooshea kidole. Hiyo ni kinga yake yeye kabla ya kuwa yako.

Mchezaji_Tabata

Nimewasha PIN ya laini jana baada ya kusoma. Swali la haraka: nina akaunti ya Epic, duka jingine la gemu za kompyuta, kwa ajili ya zile gemu za bure za Alhamisi jioni, sijawahi kununua kitu mle. Nayo niihangaikie? Na jirani wa Zakhem bado anaweza kufanya chochote?

NeemaKibada

Ihangaikie, kaka. Gemu za bure ulizokusanya miaka kadhaa zinauzika kama akaunti nzima, na watu wengi wamefungulia Epic kwa imeili na neno la siri la zamani. Uthibitisho wa hatua mbili upo kwenye mipangilio ya usalama, dakika tano umemaliza. Angalia pia ni akaunti zipi zimeunganishwa mle. Kama umeiunganisha na PlayStation, mlango ni mmoja zaidi.

Kwa jirani, asikate tamaa, lakini asichelewe. Aanze na kisanduku chake cha imeili ya zamani: imeili ya akaunti ikibadilishwa, mara nyingi kunakuwa na ujumbe wa taarifa. Autafute hata kwenye taka, usifutwe, una tarehe na saa. Kisha awaandikie PlayStation kupitia tovuti yao rasmi, si namba aliyopewa Facebook na mtu anayejiita wakala, maana kuna matapeli wanaowawinda walioibiwa tayari. Aambatanishe namba ya mashine, imeili ya mwanzo, namba za miamala na risiti. Aeleze kwa ufupi, tarehe kwa tarehe. Kama kulikuwa na kadi, apige benki aifunge kwanza kabla ya yote. Na aripoti kituo cha polisi apate karatasi ya RB, namba ya taarifa yake. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na karatasi hiyo itamfaa kama hela imekatwa. Kama alitumiwa SMS ya kitapeli, aitume kwenda 15040.

Imeili ya zamani nayo aitengeneze upya kabla hajarudishiwa akaunti: neno jipya, vifaa vyote vitolewe, na akague mipangilio kama kuna mahali ujumbe wake unasukumwa kwenda anwani nyingine. Wezi wanapenda kuacha hiyo. Mtu anabadilisha neno la siri, analala, kumbe kila ujumbe bado unakwenda kwa mwizi.

BandaMbagala

Nimetoka Kariakoo sasa hivi, niko kwenye mwendokasi narudi. Tumekaa naye pembeni ya kaunta, risiti zote za kaka zimeingia kwenye imeili mpya, na akaunti ya PS5 imehamia kwangu. Tarehe ya kuzaliwa kweli ilikuwa ya kubuni, na nchi si Tanzania, nimeziandika. Kaka amesomewa herufi kwa simu, tumelinganisha namba, zinafanana. Bado PS4 tatu, nitazifanya kesho asubuhi kabla ya kufungua. Huo mpangilio wa ujumbe kusukumwa kwingine nitauangalia pia, na jirani wa Zakhem nitampelekea uzi huu jioni nikipita.

Swali moja la mwisho kwa Fundi: hizo karatasi za namba za akiba, nikizipiga picha kwenye simu itakuwa vibaya?

FundiSinza

Usipige, dada. Simu ikienda na vishandu, picha zinakwenda nayo. Andika nakala ya pili kwa mkono, moja ikae kwako na nyingine mpe mama yenu aiweke pamoja na hati za nyumba, na bahasha iandikwe jina la banda na tarehe. Kila ukitumia namba moja, ikate kwa kalamu kwenye nakala zote mbili, na zikikaribia kuisha ingia kwenye akaunti utoe orodha mpya, ya zamani itakufa yenyewe.

Kwenye PS4 kesho, ukishaweka mashine kuu na kutengeneza wasifu wa "Wateja", chomoa waya wa intaneti kwanza ujaribu gemu moja kutoka wasifu huo. Ikifunguka bila mtandao, umeweka sawasawa. Isipofunguka niandikie hapa hapa, nipo mpaka saa nne usiku.